Kompyuta ya nyumbani imegoma, fundi anataka kupiga Windows upya na Jumapili tunavunja kikoba. Msaada wakuu

Mama Nuru wa Segerea · Alhamisi saa 2:47 usiku

Habari zenu wakuu, mimi humu ni msomaji wa kimya kimya tu ila leo yamenifika. Nina kompyuta ya mezani hapa home, ile ya kawaida CPU na monita, Windows 10, inatumiwa na familia nzima. Mwanangu yupo form two jana kashusha programu anasema ya kuapdeti draiva zote kwa mpigo ili gemu lake lisikwame kwame, ikafanya kazi yake weee ikaomba kuristati, tangu hapo haijawaka tena. Inafika kwenye nembo ya Windows vile vidoti vinazunguka, ghafla skrini ya bluu na kile kikatuni cha kununa, chini pameandikwa SYSTEM_THREAD_EXCEPTION_NOT_HANDLED, inajizima inajiwasha, mchezo ni huo huo toka jana.

Nimempigia fundi wetu wa mtaani kaja kaangalia dakika tano kasema hapa hamna namna ni kupiga Windows upya, elfu 30. Nikamuuliza na vitu vyangu je? Akajibu vilivyo D vitabaki ila vya deskitopu vinaondoka. Sasa wakuu mimi ndo mweka hazina wa kikoba, watu 22, hisa zote na mikopo ya mwaka mzima ipo kwenye Excel na hiyo Excel ipo wapi? Deskitopu. Na Jumapili tunavunja. Hapa nilipo hata ugali haupiti.

Kuna njia yoyote? Natanguliza shukrani.

Kipanga wa Mabibo · saa 2:55 usiku

Piga Windows mama, dakika 40 kazi imeisha, mashine inakuwa nyepesi kama imetoka dukani. Hiyo Excel mwambie fundi achomoe diski aichomeke kwenye mashine nyingine akopi kwanza, asikuletee za kuleta.

Fundi Mstaafu · saa 3:04 usiku

Mama Nuru usiruhusu mtu aipige Windows mpaka nimalize kuandika, nachapa na simu na macho yenyewe haya.

Kipanga la kukopi faili kwanza uko sahihi, ila hii habari ya kila kikohozi ni kupiga Windows ndo imeharibu mafundi wa siku hizi. Mgonjwa kaja na mafua unamhamisha nyumba. Mashine ilikuwa nzima, ikawekwa draiva (kiprogramu kinachoiwezesha Windows kuongea na kifaa, mfano kadi ya picha), ikafa hapo hapo. Mshukiwa ni hiyo draiva. Huo ujumbe wake nimeukuta mara nyingi sana na mara nyingi kisa ni draiva mbovu, na zile programu za "kuapdeti draiva zote" zina tabia ya kukuletea draiva ya kadi ambayo hata huna.

Kabla ya kufuta chochote angalia kama ina ristoa pointi. Ndani ya Windows kuna kitu kinaitwa System Restore, kazi yake ni kupiga kama picha ya hali ya mfumo (rejista yaani daftari la mipangilio ya Windows, draiva, faili za Windows zenyewe) kabla ya mabadiliko makubwa, mfano apdeti ikitaka kuingia. Mambo yakiharibika unairudisha mashine kwenye siku ile. Swali ni moja tu, kwako ilikuwa imewashwa au imezimwa? Windows 10 mara nyingi inakuja ikiwa imezimwa.

Mama Nuru wa Segerea · saa 3:11 usiku

Shikamoo mzee wangu. Sasa hiyo ristoa si ndo ile inafuta kila kitu? Mwaka jana dada wa kazi aliiristoa simu yangu kwa bahati mbaya picha zote za send-off ya mdogo wangu zikaenda. Mimi neno ristoa nikilisikia tu moyo unaruka.

Fundi Mstaafu · saa 3:20 usiku

Marahaba. Hapo umeuliza swali la maana na wengi linawachanganya. Ile ya kwenye simu ni kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, inafagia kila kitu. Hii ya Windows jina linafanana ila haigusi nyaraka, picha wala Excel zako. Inarudisha mfumo. Programu na draiva zilizoingia BAADA ya hiyo tarehe ndo zitaondoka, na hicho ndo tunachokitaka, na kama kuna programu uliitoa baada ya hapo inaweza kurudi.

Upande wa pili wa hiyo hiyo shilingi, kwa sababu haigusi faili zako basi na ukifuta Excel kwa bahati mbaya haitakurudishia. Siyo bakapu. Watu wanaichukulia kama bakapu alafu wanakuja kulia humu.

Ila kwa sababu ya kikoba, na mimi mke wangu yupo kwenye vikoba viwili najua moto wake, tutoe kwanza hiyo Excel ndo tuguse mengine. Una flashi?

Mama Nuru wa Segerea · saa 3:22 usiku

Ninayo ya GB 8 ya kwaya.

Fundi Mstaafu · saa 3:41 usiku

Futa nyimbo tusonge (natania, itatosha).

Washa mashine, ikifika tu kwenye nembo shikilia batani ya pawa mpaka izime. Washa tena, zima tena hivo hivo. Mara ya tatu iache. Windows ikiona imeshindwa kuwaka mfululizo inajileta yenyewe kwenye kurekebisha, itaandika Preparing Automatic Repair, subiri. Ikikuletea skrini yenye machaguo bofya Advanced options, alafu Troubleshoot, alafu tena Advanced options. Hapo utaona Command Prompt na utaona System Restore. Usiguse ristoa bado. Ingia Command Prompt, ikiuliza akaunti na paswedi weka ya kwako. Litakuja dirisha jeusi, andika neno notepad ubonyeze enter.

Najua unashangaa notepad ya nini. Ikifunguka nenda File, Open, pale chini badilisha isomeke All Files. Hicho kidirisha cha kufungulia faili ndo kinageuka kuwa njia yako ya kutembea humo ndani ya diski hata kama Windows yenyewe imelala. Tafuta Users, jina lako, Desktop, Excel utaiona. Bofya kulia, Copy, rudi mpaka kwenye flashi, bofya kulia, Paste. Zingatia herufi huwa zinabadilika, C ukaikuta inaitwa D au E, usishtuke. Na haioneshi ule mstari wa kijani wa kukopi, itaonekana kama imeganda, ipe muda.

Kisiki cha Mbagala · saa 3:50 usiku

Hii ya notepad nimetumia laptopu miaka 11 siijui 😂😂 kumbe tunachomoaga madiski bure

Mzee wa Aggrey · saa 4:02 usiku

Nimpinge Mstaafu kidogo kwa heshima. Hii kitu mimi naijua toka Windows Me mwaka 2000, ndo ilikuja nayo. Enzi hizo ilikuwa mzigo, virusi vinajificha humo humo kwenye folda ya ristoa, unasafisha mashine vizuri, mteja akiristoa tu kirusi nacho kinafufuka. Hata makampuni ya antivairasi yalikuwa yanatuambia izime kwanza ndo uscan. Mimi dukani kwangu kila mashine nikiipiga Windows naizima, inakula diski bure.

Fundi Mstaafu · saa 4:15 usiku

Mzee mwenzangu unaongea ya 2000 mimi naongea ya leo. Toka Windows Vista imejengwa tofauti kabisa, inatumia zile nakala kivuli za diski, yaani picha za hali ya diski ya wakati fulani. Na diski ya GB 500 ukiipa asilimia 3 ni GB 15, ikijaa inafuta pointi za zamani yenyewe. Kwa hiyo kwa kuokoa GB 15 ndo unamnyima mteja njia ya kurudi, alafu akikwama anakuletea elfu 30. Sisemi mnafanya makusudi 😀

Kwa virusi nakuunga mkono nusu. Mashine ikiwa na kirusi kikubwa usitegemee ristoa. Vile vya kufunga mafaili na kudai hela vinafuta nakala kivuli mapema kabisa, WannaCry ya Mei 2017 ilifanya hivo hivo. Ila ya mama huyu siyo kirusi, ni mtoto na gemu.

Mama Nuru wa Segerea · saa 5:08 usiku

WAKUUUU EXCEL NINAYO MKONONI

Ngoja niwasimulie maana mikono bado inatetemeka. Ile ya kuzima zima mara ya kwanza nilichelewa ikafika kwenye bluu, nikarudia, mara ya nne ndo ikakubali. Hilo dirisha jeusi liliniogopesha kama la wale wadukuzi wa kwenye muvi. Nikaandika notepad, ikaja kweli! Nimefungua C nakuta haina kitu cha maana, viji folda viwili vitatu vya ajabu, nikajua basi kishanuka. Nuru ndo akasema mama mzee si kasema herufi zinabadilika, tukaenda E, tukakuta Users, tukakuta Desktop na faili langu KIKOBA MWAKA HUU MPYA MPYA YA MWISHO. Nimebofya Paste kimyaaa, dakika nzima hakuna kinachotokea, Nuru anataka kubofya tena nikamshika mkono. Alafu likatokea. Nimelikopi na picha za mahafali humo humo, flashi nimeifunga kwenye khanga nimeweka kabatini.

Sasa naingia kwenye hiyo ristoa?

Bint Kigamboni · saa 5:14 usiku

Mama Nuru hongera ila una UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika? Mimi ilinikuta, nipo katikati ya ristoa umeme ukakatika, ikawa haitaki mbele wala nyuma, hapo ndo nikapigishwa Windows kweli. Ikishaanza haitakiwi kukatishwa kabisa.

Fundi Mstaafu · saa 5:19 usiku

Bint kasema jambo kubwa kuliko yote niliyoandika. Laptopu ingekuwa ina betri tungeendelea. Ya mezani bila UPS usianze kama kwenu umeme unacheza leo.

Mama Nuru wa Segerea · saa 5:23 usiku

Sina UPS na leo umeshakatika mara mbili. Jirani yangu ana steshenari ana UPS, kesho Ijumaa anafunga saa 8 mchana nitamuomba. Nalala wakuu, angalau leo nitalala.

Mama Nuru wa Segerea · Ijumaa saa 9:32 alasiri

UPS nimepata, kanipa kwa sharti nirudishe kabla ya saa 12. Nimeingia System Restore, ina pointi MBILI. Moja ya juzi saa 1 usiku, nyingine ya Jumanne ya wiki iliyopita, hii imeandikwa Windows Update. Nachukua ipi?

Fundi Mstaafu · saa 9:40 alasiri

Hiyo programu Nuru aliiweka juzi saa ngapi? Muulize vizuri na usimtishe, akidanganya saa tumeumia.

Mama Nuru wa Segerea · saa 9:46 alasiri

Anasema aliiweka saa 12 baada ya tuisheni. Alafu ikawa inashusha madraiva mpaka saa 2.

Fundi Mstaafu · saa 9:52 alasiri

Basi hiyo ya saa 1 ipo katikati ya uchafu, huenda imepigwa wakati draiva nyingine zimeshaingia. Chukua ya Jumanne. Kwa kawaida mtu anachukua pointi ya karibu kabisa KABLA ya tatizo ili asipoteze vingi, ila lazima iwe kabla kweli kweli. Kabla hujakubali kama kuna kitufe cha Scan for affected programs kibofye kikuoneshe programu gani zitaondoka. Ujue pia ukiifanyia huku nje ya Windows haina kurudi nyuma. Ukiifanyia ndani ya Windows inayowaka inakuachia chaguo la kutengua usipopenda matokeo, huku hakuna. Kwako siyo mbaya, uharibike mara ngapi.

Mama Nuru wa Segerea · saa 10:03 jioni

Nimebofya. Imesema isikatishwe, nikabofya Yes na bismillahi. Nuru nimemkalisha mbele ya soketi kama mlinzi, mdogo wake haruhusiwi kupita hata na mpira.

Mama Nuru wa Segerea · saa 10:29 jioni

Imeandika inarudisha rejista, imekaa hapo hapo dakika 15 haisogei. Taa ya CPU inapepesa pepesa. Nizime?

Fundi Mstaafu · saa 10:30 jioni

USIZIME. Taa ikipepesa ina maana diski inafanya kazi. Kapike chai.

Kipanga wa Mabibo · saa 10:48 jioni

Nimeacha kazi za watu nafuatilia huu uzi kama mechi ya watani wa jadi

Mama Nuru wa Segerea · saa 10:57 jioni

Imewakaaaa!! Imefika pale pa kulogini. ILA paswedi inakataa. Naandika ile ile ya kila siku inasema siyo. Capslock haijawaka. Nuru anaapa hajagusa. Jamani mbona majaribu hayaishi?

Fundi Mstaafu · saa 11:02 jioni

Paswedi uliibadilisha lini mara ya mwisho?

Mama Nuru wa Segerea · saa 11:05 jioni

Jumapili, kwa sababu ya huyu huyu.

Ooooh. Ngoja.

Mama Nuru wa Segerea · saa 11:07 jioni

Nimeingia kwa ya zamani. Kumbe imerudi Jumanne na paswedi ya Jumanne 🙆🏾‍♀️ Vitu vyangu vyote vipo deskitopu kama nilivyoviacha, Excel ninaifungua inafunguka na mpaka marekebisho ya juzi asubuhi yamo. Ile programu ya madraiva haipo, gemu halipo, Nuru amekaa kama kafiwa. Mzee wangu Mungu akuweke. UPS naipeleka.

Kipanga wa Mabibo · saa 1:15 usiku

Sasa na mimi nikajifanya mjanja nikasema ngoja nichungulie yangu. Nimeandika rstrui kwenye kile kiboksi cha Run, inaniambia hamna pointi hata moja na ulinzi umezimwa. Na mashine hii niliipiga Windows mwenyewe mwezi wa tatu kwa mikono yangu. Natakiwa nifanyeje nisije nikawa Mama Nuru wa pili bila khanga ya kufungia flashi.

Fundi Mstaafu · saa 1:33 usiku

Kwenye Run andika sysdm.cpl, nenda kichupo cha System Protection. Chagua C, bofya Configure, washa, vuta ule mshale asilimia 3 mpaka 5, OK. Alafu hapo hapo bofya Create uipe jina lako unalolielewa. Dakika moja tu. Diski iwe na mpangilio wa NTFS, ule wa kawaida wa Windows, flashi na mpangilio wa FAT32 haihusiki.

Tahadhari tatu nne kwa mpigo maana nataka kula. Ukizima ulinzi pointi zote zinafutika hapo hapo, siyo kwamba zinakusubiri. Ukipandisha toleo kubwa la Windows pointi za zamani zinaondoka. Windows 11 toleo la 24H2 toka apdeti za Juni 2025 inatunza pointi mpaka siku 60 tu, kwa hiyo usitegemee ya mwaka jana. Na nyie wa laptopu mpya za Windows 11, nyingi diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la kuficha data) bila hata wewe kujua, ukiingia kwenye ile skrini ya kurekebisha inaweza kukudai tarakimu 48 za kuifungulia. Zipo kwenye akaunti yako ya Microsoft kama mashine uliisajili nayo, zichukue LEO uziandike kwenye daftari. Mtu anayekumbuka barua pepe aliyofungulia laptopu miaka mitatu iliyopita ni nadra kuliko nyati mweupe.

Kisiki cha Mbagala · saa 1:50 usiku

Mimi yangu inawaka ila wifi imepotea, pointi ninayo, nikiristoa inakwenda mpaka mwisho alafu inasema haikufanikiwa, 0x80070005. Mara ya tatu hii.

Fundi Mstaafu · saa 2:20 usiku

Hiyo ni kunyimwa ruhusa, mara nyingi antivairasi imeshikilia faili. Izime antivairasi kwa muda ujaribu, ikikataa ingia sefu modi (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu) uifanyie humo. Ikikataa na humo jaribu pointi nyingine. Zote zikikataa ndo tuanze kuwaza kuhusu afya ya diski yenyewe, maana ristoa haitibu diski inayokufa.

Kisiki cha Mbagala · saa 3:05 usiku

Ya antivairasi ndo yenyewe, imepita. Wifi imerudi naandika kwa hiyo hiyo. Bando la simu limepona.

Mzee wa Aggrey · Jumamosi saa 4:10 asubuhi

Haya Mstaafu, leo nimepiga Windows mashine mbili na zote ristoa nimeiacha imewashwa. Usinitangaze.

Mama Nuru wa Segerea · Jumapili saa 12:40 jioni

Mrejesho wakuu. Kikoba tumevunja salama, kila mtu kaondoka na chake. Kulikuwa na ubishi wa elfu 40 wa mama mmoja wa mkopo wa mwezi wa sita, tukafungua Excel ikaonekana kosa ni langu mimi, nilijumlisha vibaya mwenyewe mchana kweupe.

Ulinzi nimeuwasha asilimia 5 na pointi nimetengeneza nimeiita KABLA NURU HAJAGUSA. Excel ipo kwenye flashi na nakala nyingine nimejitumia kwenye barua pepe. Nuru nimemtengenezea akaunti yake isiyo ya admin, akitaka kuweka kitu inaomba paswedi yangu. Ameniuliza kama na akaunti inaweza kuristolewa.

Fundi Mstaafu · saa 12:58 jioni

Huyo mtoto mlete aje kujifunza kwangu likizo ya Desemba, kabla hajakugharimu UPS yako mwenyewe.